Siri ya Maiti na Haki ya Walio Hai



Kusitiriana ni katika tabia njema tulizolelewa nazo watu wa pwani. Jirani akiteleza, tunamfunika. Nyumba ikikosa chakula, sufuria ya maji huwekwa motoni ili majirani wasijue. Tabia hii ni tukufu, na sisi hatukukusudia kuivunja. Lakini kila jambo jema lina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo huweza kudhulumu huku akidhani kuwa anachuma thawabu. Leo tunataka kuuliza swali moja: mtu akipatwa na maradhi ambayo huenda yamo katika damu ya ukoo wake, je, habari ya maradhi hayo ni siri yake peke yake, au ni haki ya jamaa zake pia?

Swali hili tutalianzia mbali, kisha tutarudi nalo nyumbani.

Mwaka 2013 ilitoka sinema moja huko Marekani iitwayo Decoding Annie Parker. Wako watakaosema, sheikh na sinema wapi na wapi? Basi nawaambia, jambo la maana halikataliwi kwa ajili ya mlango lililoingilia. Sinema hiyo imejengwa juu ya maisha ya wanawake wawili wa kweli. Wa kwanza ni Annie Parker, mwanamke wa kawaida wa Kanada, asiye mtaalamu wala tajiri. Mama yake alikufa kwa saratani ya matiti, kisha dada yake akafuata kwa maradhi hayo hayo. Yeye mwenyewe yalimpata akiwa bado hajafika miaka 30, na baadaye akaugua saratani ya ovari. Aliingiwa na yakini kuwa maradhi haya yanaufuata ukoo wao, akawa anasoma na kuuliza kila anayemwona, na wengi hawakumsadiki. Waliona ni bahati mbaya tu iliyoipata nyumba moja mara nyingi.

Wa pili ni Mary-Claire King, mwanamke wa elimu, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akitafuta jambo ambalo wenziwe wengi waliliona halipo, nalo ni kuwa katika baadhi ya familia saratani ya matiti inarithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kupitia jeni moja. Wataalamu wengi wa zama hizo walikuwa wakitafuta sababu katika virusi na katika mazingira. Mwaka 1990 alitangaza kuwa amepata mahali inapokaa jeni hiyo, katika kromosomu ya 17. Mwaka 1994 wataalamu wengine waliifikia jeni yenyewe, nayo ndiyo inayoitwa BRCA1, na mwaka 1995 ikajulikana ya pili, BRCA2.

Tulieleze jambo hili kwa lugha nyepesi. Katika chembe za mwili wa binadamu zimo kromosomu 46, nusu zimetoka kwa baba na nusu zimetoka kwa mama. Ndani yake zimo jeni, nazo ni kama maagizo ambayo mwili unayafuata katika kukua na kujitengeneza. BRCA1 si jeni ya maradhi kama watu wanavyodhani. Kila mmoja wetu anayo, mwanamume na mwanamke, na kazi yake ni kama ya fundi anayekarabati hitilafu zinazotokea ndani ya chembe. Wako watu waliozaliwa na jeni hii ikiwa na kasoro, basi fundi huyo anapungukiwa na nguvu, na hitilafu hurundikana mpaka saratani ikapata njia. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Katika kila wanawake 100 walioirithi, zaidi ya 60 hupatwa na saratani ya matiti katika umri wao, na huku kwa wanawake wote wa Marekani kwa jumla ni kama 13 tu katika 100.

Hapa pana mambo mawili ya kushika. La kwanza, si kila aliyeirithi kasoro hiyo ataugua. La pili, katika wanawake wote wanaougua saratani ya matiti, wale ambao maradhi yao ni ya urithi wa namna hii ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Kwa hivyo mtu asiamke kesho akasema kuwa kila ukoo uliopata mgonjwa mmoja umelaaniwa.

Sasa, msomaji, nataka uliangalie kwa makini jambo moja ambalo wengi hulipita upesi. Yule bibi wa Berkeley aliipata vipi ilimu yake? Hakuipata katika darubini peke yake. Aliipata katika masimulizi ya familia. Matokeo ya 1990 yalitokana na familia 23, ambamo palikuwa na watu 146 waliopata saratani ya matiti. Watu wa familia hizo walikubali kuulizwa: nani aliugua, alikuwa na umri gani, nani alikufa, alikuwa nani kwako? Walikubali kutoa damu yao. Na alama iliyomwongoza ilitokea waziwazi katika zile familia ambazo wanawake wake waliugua wakiwa na umri mdogo. Lau familia zile zingesema kuwa bibi yetu alikufa kwa homa, na shangazi yetu alikufa kwa uzee, ilimu hii isingalipatikana, na wanawake wengi sana waliopata kujihadhari kwa ajili yake wangekwisha kuzikwa.

Basi turudi kwetu.

Sisi ni watu wa nasaba. Mzee wetu ukimwuliza, atakuhesabia babu zake mpaka wa saba, atakwambia nani alitoka Hadhramaut na nani alitoka Lamu, na nani alioa mlango gani. Lakini mwulize huyo huyo: mama yako mzazi alikufa kwa maradhi gani? Atakujibu kuwa aliugua tu, siku zake zilifika. Mwulize binti: mama mkubwa aliyekufa wewe ukiwa mdogo, alikuwa na nini? Atasema alikuwa na kidonda kifuani, lakini nyumbani hawataki kizungumzwe. Wazee walisema kuwa mficha maradhi kilio kitamwumbua. Lakini sisi tumezidi, kwani hata kilio chenyewe hakiwaumbui. Matanga hukaliwa, hitima husomwa, watu hutawanyika, na jina la maradhi halikutajwa.

Yuko mtu mmoja anayejua, naye ni mwosha maiti. Yeye ndiye anayeona kifua kilichooza, ambacho mwenyewe alikifunika kwa kanga muda wa miaka miwili hata mumewe asijue ukubwa wake. Na mwosha amefundishwa, na mafundisho hayo ni ya haki, kuwa akiona kwa maiti jambo la kuchukiza asilitoe nje. Basi tuseme mfano: mwanamke mmoja ameosha maiti katika mtaa wake kwa miaka 30. Katika nyumba moja ameosha bibi, kisha ameosha binti yake, na sasa ameosha mjukuu, na wote watatu kifua chao kilikuwa na jeraha la namna moja. Nje ya chumba cha kuoshea amekaa binti wa marehemu, ana umri wa miaka 22, analia. Je, mwosha huyu anyamaze?

Nawaomba msiharakishe kujibu. Akisema, ataambiwa ametoa siri ya maiti. Akinyamaza, huenda baada ya miaka michache akaja akamwosha na huyu.

Jawabu yetu ni hii. Sitara imewekwa ili kuzuia fedheha. Tunaamrishwa kufunika aibu ya mtu, kosa lake, na lile ambalo likijulikana litamvunjia heshima bila ya faida kwa mtu. Lakini maradhi si kosa, na wala si aibu. Mitume waliugua, na kisa cha Nabii Ayyub tunakisoma mbele ya watoto wetu, wala hatukioni kuwa kinampunguzia daraja. Sisi ndio tulioyaingiza maradhi katika orodha ya aibu, kisha tukaitumia hukumu ya aibu kuyazikia. Na tena, maulamaa waliposema juu ya kusengenya, kama alivyoeleza Imamu Nawawi, walitaja mahali sita ambapo inaruhusiwa kumtaja mtu kwa lile asilolipenda, na moja katika hizo ni kumtahadharisha mtu na madhara. Ikiwa inaruhusiwa kumtaja mwenye kosa ili mwengine asidhurike, vipi isiruhusiwe kumtaja mgonjwa asiye na kosa lolote?

Kwa hivyo mwosha huyo na aseme. Asiseme barazani, wala asiseme matangani. Amwite binti pembeni, au amwite mkubwa wa nyumba mwenye akili, amwambie kwa upole: mwanangu, nimemwosha mama yako, na bibi yako nilimwosha mimi, na nimeona hivi, nenda kwa daktari umweleze. Hilo halitakuwa kutoa siri. Ni kurejesha amana kwa mwenyewe. Kwani damu ile si ya marehemu peke yake, imo katika mishipa ya huyu aliyekaa nje.

Tunajua kuwa zitakuja hoja, nazo si za kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni ya kadari. Mtu husema: lililoandikwa litakuwa, basi kujua kuna faida gani? Zaidi ya hayo, je, kupima damu ili kujua maradhi yatakayokuja si kupiga ramli? Tunamjibu kuwa daktari anayetazama jeni hasemi habari ya ghaibu. Anasema habari ya kitu kilichopo leo mwilini, kama baharia anayetazama wingu akasema kuna hatari ya dhoruba. Hasemi chombo kitazama. Ama kadari, tumeshasomeshwa jawabu yake na Sayyidna Umar. Alipokuwa safarini kwenda Sham katika zama za tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639, alipata habari kuwa tauni imeingia huko, akashauriana na wenziwe, akageuza njia. Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kwenda katika kadari yake nyingine. Na habari ya tauni ilimfikia vipi? Ilimfikia kwa sababu walikuwapo watu walioisema. Lau watu wa Sham wangeificha kwa kuona haya, jeshi zima lingeingia.

Wala fikra ya kurithi haikuwa ngeni katika mafundisho yetu. Bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimwuliza rangi za ngamia wake, naye akasema ni wekundu. Akamwuliza kama hakuna wa kijivu kati yao, akasema wapo. Akamwuliza hao walitokea wapi, na bedui akakiri kuwa huenda ni asili ya mbali iliyowavuta. Basi akaambiwa huenda na mtoto wake ni vivyo hivyo. Hatusemi kuwa hadithi hii ni somo la jeni, maana kuipa isichosema si heshima kwake. Lakini inatutosha kujua kuwa jambo huweza kufichika katika ukoo kisha likatokea kwa mjukuu, na kuwa kulijua hilo kuliinusuru nyumba na dhulma.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi katika majumba yetu, nayo ni posa. Mama husema: nikisema kuwa mimi na dada zangu tuna maradhi haya, nani atawaposa binti zangu? Dada huyu tusimcheke, kwani anasema kweli. Wako watu ambao wakisikia neno hilo tu huirudisha mahari. Lakini tupime. Upande mmoja wa mizani iko posa, na upande wa pili uko uhai wa binti. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na kwa sababu hauumi hupuuzwa. Binti aliyeambiwa atautazama mwili wake na ataukimbilia uvimbe ungali mdogo kama punje ya choroko. Asiyeambiwa atafika hospitali wakati daktari hana la kufanya ila kumtuliza maumivu. Katika nchi zetu wengi wa wanawake wenye maradhi haya hufika wakati yameshasonga mbele. Je, ni bora binti aolewe upesi akaache mayatima, au achelewe kuolewa akaishi?

Ama mposaji, yeye pia ana haki ya kutohadaiwa. Mtume alipoulizwa na Fatima bint Qais juu ya watu wawili waliomposa, alimweleza kweli ya kila mmoja wao wala hakuificha. Mwenye maradhi yaliyokwisha kuthibiti asimfiche mchumba wake. Lakini nafasi ya kurithi si maradhi, na wala si kasoro ya tabia, na mwenye kumkimbia binti kwa jambo ambalo huenda lisitokee maisha, na ajiulize yeye mwenyewe ana uhakika gani na damu yake. Mimi naona kuwa kosa kubwa liko kwa sisi tunaorudisha posa, maana hofu yetu ndiyo inayowafanya mama zetu wanyamaze.

Hoja ya tatu ni ya wanaume, ingawa hawaisemi kwa ulimi. Wao huona kuwa habari hii ni ya wanawake, na haiwahusu. Si kweli. Kasoro ya jeni hizi hupitia kwa baba sawasawa na inavyopitia kwa mama. Mwanamume huweza kuibeba asiugue, kisha binti yake akairithi. Basi ukitaka kujua, usitazame upande wa mama peke yake. Watazame shangazi na bibi mzaa baba. Na baadhi ya wanaume wenye kasoro hii, hasa ya BRCA2, hupatwa wao wenyewe na saratani ya matiti au ya tezi la kiume. Na katika ile sinema, ndoa ya Annie Parker haikustahimili maradhi yake. Hilo si la Kanada tu. Wako miongoni mwetu waume ambao mke akikatwa ziwa humwona kama chombo kilichovunjika. Mume wa namna hiyo asiulize kwa nini mkewe alificha uvimbe.

Iko kweli nyingine ya kuizingatia. Kampuni moja ya Marekani, Myriad Genetics, ilikuwa na hati za kumiliki jeni hizi mbili, ikawa yenyewe tu ndiyo inayouza kipimo chake huko, kwa zaidi ya dola 3000. Watu wakashitaki, na tarehe 13 Juni 2013 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kuwa jeni kama ilivyo katika maumbile haiwezi kumilikiwa kwa hati, kwani hakuna mtu aliyeibuni. Sote tutasema kuwa ni uamuzi wa haki. Lakini ikiwa kampuni haina ruhusa ya kuifungia ilimu hii kwa ajili ya fedha, je, mkubwa wa nyumba ana ruhusa ya kuifungia kabatini kwa ajili ya sifa ya mlango wake?

Utasema, kipimo hicho ni ghali, na kwetu si rahisi kukipata. Ni kweli. Lakini kipimo cha kwanza hakitaki maabara wala dola. Kinataka ulimi wa kweli. Kaa na mama yako, na bibi yako akiwa hai, na shangazi zako, uandike katika daftari: nani aliugua, aliugua nini, akiwa na umri gani. Ukiona jamaa zaidi ya mmoja wa upande mmoja wamepatwa na saratani ya matiti au ya ovari, au ukiona mmoja amepatwa nayo akiwa bado kijana, au mwanamume katika ukoo amepatwa na saratani ya matiti, chukua daftari hilo kwa daktari. Atajua aanze kukuchunguza lini na kwa njia gani, na huenda akaanza mapema kuliko kwa wengine. Daftari kama hilo ndilo lililoanzisha ile kazi ya Berkeley.

Na asiyetaka kupimwa asilazimishwe. Kuna moyo unaoweza kuibeba habari na kuna usioweza, na kila mtu anaujua wake. Lakini kutotaka kujua lililomo katika mwili wako ni jambo moja, na kumzuilia mwenzako lililomo katika mwili wake ni jambo jengine. La kwanza ni hiari yako. La pili si lako, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Kwa hivyo, ewe mama unayesoma haya na chini ya kanga yako pana uvimbe usiomwambia mtu, mwambie daktari leo, na ukisha kujua, waambie binti zako na dada zako. Na wewe baba, fungua mlango wa mazungumzo haya nyumbani kwako kabla hujafunguliwa na matanga. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe ulimi wa kusema kweli mahali ambapo kweli inaokoa.

Wallahu aalam.